Mpishi na Hotuba ya Uhuru

Mpishi wa jirani yangu haamini mtu. Akija kwetu kuazima kisu, hujaribu kwanza kitasa cha mlango kwa ndani, ndipo asalimie. Chai nikimpa, husubiri nionje mimi. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, nilijisemea, ila nyoka mwenyewe sikumjua. Jana jirani alitualika kukumbuka siku utumwa ulipokomeshwa, akahutubia kuhusu uhuru, tukapiga makofi. Mpishi akaweka sinia mezani, akajifuta mikono polepole.

"Bosi, na pasipoti yangu? Mwaka wa nne huu umeifungia kabatini."

"Dada, tutaongea kesho."

"Kesho wageni hawatakuwepo."

Jirani akainuka kuileta. Mpishi aliikagua ukurasa kwa ukurasa, akaitia kifuani.

"Haya, endelea na hotuba."