Glasi za Siki Nyumbani Kwangu Awindiri

Nzi wadogo wamekwisha nyumbani kwangu, na waliowashinda si mimi. Walipojaa, nililaumu jiko la Zaituni, mke wa mwanangu, mbele ya mama yake aliyetutembelea kutoka Koboko. Yule mama akaanza kufunga mizigo ili arudi na binti yake.

"Ngoja, mama," Zaituni akasema. "Nzi hii inapenda kitu imeoza. Tuweke glasi ya siki na sabuni kila chumba. Asubuhi tutaona nzi mingi iko wapi."

"Hata kwangu," nikajigamba. Niliiweka mwenyewe, maana kwetu mke wa mwana haingii chumbani mwa baba mkwe.

Asubuhi glasi ya jikoni ilikuwa na nzi wawili. Yangu ilikuwa nyeusi kwa nzi. Mke wangu akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa ndizi nilizoficha kwa kuwa daktari alinikataza, kisha nikazisahau. Zilikuwa uji.

"Zaituni, leta ndoo," akaita. "Mzee iko na shamba huku."

Mama yake Zaituni akaweka mizigo chini, akacheka mpaka akashika mlango.