Kombora na Bega Lake

Alikuwa hajaitwa Kombora bado siku alipopewa zamu ya mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye mifupa mikubwa, na mbio zake zilikuwa za kuhurumiwa. Aliingizwa kwenye timu kwa sababu mwenzake aliamka na tumbo la kuendesha. Alipokea kijiti wakiwa wanaongoza. Alipomaliza, wasichana wa shule nyingine walishakunywa maji na kufuta midomo. Kwa hasira akakivurumisha kile kijiti. Kikapaa, kikavuka uwanja, kikatua juu ya bati la ofisi kwa kishindo kilichomtoa mkuu wa shule nje, miwani mkononi.

"Nani?"

Uwanja mzima ukanyoosha kidole.

Msichana akajiandaa kulia. Lakini mwalimu wa michezo, badala ya kumkemea, alikuwa akipima kwa hatua kutoka mstari wa kumalizia hadi ukuta wa ofisi, midomo ikimcheza.

"Rudia," akasema.

"Sikukusudia, mwalimu."

"Ndiyo maana nasema rudia. Safari hii kusudia."

Jina la Kombora likamganda siku hiyohiyo, na mkuki wa kurusha aliopewa na mwalimu ukawa ndugu yake. Mama yake, fundi cherehani, habari hiyo aliisoma kwenye mikono ya shati. Kila muhula alifumua mshono, akaongeza kitambaa, akasonya.

"Mwanangu, mimi nashona sare au nashona hema?"

"Mwalimu anasema bado naongezeka, mama."

"Basi mwambie huyo mwalimu wako alete kitambaa!"

Hata hivyo, siku ya mashindano ya shule zote alifunga kibanda chake, akaja, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kombora alipotangazwa wa kwanza, mama akawageukia waliokaa naye benchi moja, akawauliza, akijifanya si yeye, kama wanamfahamu mzazi wa yule binti.

Chuo kikamchukua kwa ajili ya bega lake. Mwaka wa pili bega hilohilo likateguka, na daktari akamkataza kurusha hata jiwe. Wiki nzima Kombora alilala amegeukia ukuta. Kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mwanamume mpole mwenye vidole vya chuma. Huko, kila alipobonyezwa, aliuliza: huu msuli unaitwaje? Unaanzia wapi? Mbona unabonyeza hapa, maumivu yanatokea kule?

Siku ya kumi yule bwana akasalimu amri. "Dada, chagua moja. Unyamaze, au ukasomee."

Akasomea. Mtihani wa mifupa ulimwangusha mara mbili, na kwa muda mrefu, mkuki ukionyeshwa kwenye televisheni, alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

Sasa ana chumba chake hospitalini, chenye magodoro sakafuni, vyuma vya kushikilia na kioo kirefu. Wagonjwa wanamwogopa kidogo na kumpenda sana. Juzi alikuwa na bibi mmoja aliyepooza upande mmoja, mkaidi kupita kiasi, aliyeukalia mkono wake ili usiguswe.

"Bibi, leo mkono huu unafika sikioni."

"Ukifika nitapata nini?"

"Utaweza kunizaba kofi."

Bibi akamkagua kutoka utosini hadi viatuni, akautoa mkono taratibu, akauma meno.

"Haya, inama basi. Umerefuka mno."