Waliodondoka Sindanoni

Sindano ilikuwa ya kufumia sweta, ndefu, ya chuma, na masista wa misheni ndio walionifundisha kuishika. Sikujua kwamba nitakuja kuitumia kutafuta watu. Daktari, mzungu mrefu aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa malale pale Mpanda, alikuwa na kadi zenye matundu pembeni kote, kila mgonjwa na kadi yake. Tundu moja lilikuwa la kijiji, jingine la dawa, jingine la wasiorudi kupimwa. Palipohitajika alama, tundu lilikatwa hadi ukingoni. Ukipitisha sindano kwenye rundo zima na kulinyanyua, kadi zilizokatwa hapo zinadondoka mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta yetu, ingawa neno hilo sikulisikia mpaka uzeeni.

Nilipenda sauti ya kadi zikidondoka mchana wa kiangazi, bati likilia kwa joto, vumbi la barabara ya mgodini likielea mlangoni. Nilizama humo hata nisijue kama niko macho. Malale ilikuwa ya wagonjwa, lakini mimi mzima nilisinzia kuliko wao.

Daktari hakuwa na maneno mengi, ila kwa jambo moja alikuwa kama mtoto: kutajwa. Alikuwa ameandika makala katika jarida la madaktari la Ulaya, akieleza kwamba wanawake wengi wa Mpimbwe waliopewa dawa fulani hawakurudi kupimwa, na huenda walikufa. Treni ilipoleta majarida, alianza na kurasa za mwisho, pale waandishi wanapotaja kazi walizozitegemea, akitafuta jina lake kwa kidole. Akilipata, sote tulikunywa chai ya maziwa. Nilimcheka moyoni, kisha nikajikuta namtafutia mimi mwenyewe, na moyo unanidunda nikiliona kabla yake.

Siku moja mama mdogo alikuja kutoka Usevya, huko huko Mpimbwe, kupimwa damu, mtoto mgongoni. Malale ilimpata kabla hajaolewa, nasi tulishamlilia tukidhani hatunaye tena. Akapona, akaolewa, akazaa. Alipomaliza kupimwa alikuja kukaa nami, akamnyonyesha mtoto huku nikiendelea na kazi. Nilinyanyua sindano, kadi za wanawake wasiorudi zikadondoka. Nikaokota ya juu na kusoma jina kwa sauti, bila kufikiri.

Mama mdogo aliinua uso, amekasirika. "Nani kakufundisha kuniita hivyo? Mimi nina mtoto."

Nilibaki na kadi mkononi. Kwetu mwanamke akishazaa, jina la usichana linawekwa kando, na kumwita nalo ni kumkosea heshima. Kwa hiyo mapokezini alikuwa amejitaja kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama mwanamke yeyote mwenye adabu, akaandikiwa kadi mpya. Ile ya zamani ikabaki na waliopotea.

Nilitoka barazani nikawauliza wanawake waliokuwa wakisubiri waliitwaje kabla ya kuzaa. Waliona aibu, wakaninong'oneza sikioni, na kadi zao nazo zilikuwa mezani kwangu. Dawa iliwaponya hadi wakazaa, na kwa kuzaa wakafa kwenye karatasi. Nilitaka mama mdogo awe hai kila mahali, hata huko Ulaya ambako hakuna anayemjua.

Daktari alizitazama kadi muda mrefu, za zamani na mpya zimelala pamoja. Nilijua anaifikiria ile chai.

"Nitaandika kwamba nilikosea," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Wako hai."

Nilimpenda sana siku ile. Akaandika kweli, na treni ikatuletea: mistari michache, nyuma kabisa, karibu na matangazo ya dawa. Tukasubiri itajwe. Majarida yakaja, na jina lake likatajwa kuliko zamani, lakini kila mara ni kwa ile makala ya kwanza. Alisoma, akafunga, hakuagiza chai. Mimi nilikasirika. Watu wazima, na miwani yao, wanashindwa kufunua kurasa za nyuma?

Alirudi kwao kabla ya uhuru, akaniachia majarida. Nilikwenda Usevya nikiwa na moja kwenye kapu, nikamkuta mama mdogo anapepeta mpunga, wanawe wamemzunguka. Aliniuliza wale watu wa majarida wanasema nini siku hizi. Nikamwambia bado wanasema alikufa.

"Na nyie mliwaambia?"

Nikasema tuliwaambia, hawakusoma.

Aliweka ungo chini.

"Basi waandikie lile jina la zamani," alisema. "Labda ndilo wanalonijua nalo."

Akalitamka mwenyewe, polepole, mbele ya wanawe ambao hawakuwahi kulisikia, ili nisikosee.