Ufunguo Kwenye Shingo ya Mke Mwenzangu

Mbegu za karanga za kina mama wa kijiji chetu cha Wamaza zilikuwa zinalala jikoni kwangu, juu ya moshi, wadudu wasiziguse. Miaka yote. Anayetaka kupanda anakuja, ananisalimia vizuri, ninampimia. Asiyesalimia vizuri, basi, angoje.

Halafu mradi ukaja. Mama mmoja alishuka kwenye pikipiki kutoka Kasongo, matope mpaka magotini, akatuambia: mbegu zitawekwa depo, mlangoni kufuli tatu, kadenasi kubwa kubwa, funguo zake kwa kina mama watatu, na nyumba moja isishike mbili. Nikacheka moyoni. Nyumba yetu iko na wake wawili, mimi na bibi mdogo, huyu aliyeolewa juzi tu. Nani atamtaka yeye?

Kumbe! Uchaguzi ulikuwa wa kusimama nyuma ya unayemtaka. Nilisimama nimejifunga kikwembe changu kipya, sikugeuka, mwenye kujiamini hageuki. Nikasikia miguu inapita. Inapita tu. Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na shoga yangu mmoja na bibi kizee asiyeona vizuri. Nyuma ya mke mwenzangu mstari ulifika barabarani, na ndani yake, Mungu wangu, binti yangu wa kumzaa.

Wivu ulinishika. Kila nikimuona yule mwanamke anapepeta mchele, ufunguo unamchezea kifuani kwa uzi mwekundu, nilitamani uzi ukatike, uangukie chooni. Nikamwambia, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe wamekufunga shingoni!" Akacheka, na meno yake yale mazuri. Wallahi, ningeyang'oa.

Nikamgeukia binti yangu. "Mimi mama yako, nimeiba lini?"

"Haukuiba, mama."

"Sasa?"

"Yeye nikimuuliza mbegu zimeenda wapi, atanijibu. Weye, nani atasubutu kukuuliza?"

Nilimfukuza jikoni.

Siku ya kugawa mbegu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikauliza kwa nini gunia lile ni jepesi. Nikauliza nani kapewa kabla ya wenzake. Nikauliza tena, kwa sauti, wote wasikie. Mke mwenzangu akajibu polepole, "ndiyo, dada", "tazama, dada", mpaka nikakosa la kuuliza. Kisha akanipimia zangu. Nikiwa bado nimeinama nafunga kikapu, mama mmoja ambaye jikoni kwangu hakuwahi kufungua mdomo akainua mkono, akauliza kama mimi nimepimiwa sawa na wengine.