Kambi ya Baba Ufukweni kwa Mama Mkwe

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Maguu na vijiji vya juu milimani, kupiga kambi ziwani hakukuwa starehe. Ilikuwa heshima ya ukwe. Baba yangu alilelewa akijua kwamba mwanaume halali nyumba moja na mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini haraka kana kwamba ameitwa na shida ya tumbo. Sasa mama mkwe akiwa anaishi Mbaha, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, na wewe huna ndugu mwingine upande huo, utalala wapi? Utalala kwenye gari. Vijana wa leo wanalipia jambo hilohilo na kupiga nalo picha.

Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa la tajiri mmoja wa Mbinga. Nyuma lilikuwa na turubai, harufu ya kahawa mbichi, na mende wa kutosha kufungua shule. Mama alikuwa Mnyasa, binti wa wavuvi, aliyeolewa akapandishwa kwenye baridi ya Maguu, na baridi hiyo hajaisamehe mpaka leo. Watoto tulikuwa wawili, kaka yangu Festo na mimi. Tulikuwa na sweta moja la kupokezana, visigino vilivyopasuka kila Juni, na mikono iliyonata utomvu wa kahawa msimu mzima wa kuchuma. Asubuhi tulikula maharage, mchana maharage, na jioni, Mungu akijalia, maharage yale yale yaliyobaki mchana. Hakuna aliyetuuliza kama tuna mzio wa chochote.

Mwaka mmoja, mchuuzi wa dagaa aliyepanda kutoka ziwani alituletea habari kwamba Bibi, mama yake Mama, macho yanamfifia. Sura za watu alikuwa bado anaziona wakimsogelea, lakini si kwa muda mrefu. Mama alikuwa hajashuka kwao miaka minane, na Bibi hakuwahi kuniona hata mara moja. Mama akaweka ungo chini.

"Baba Festo," akasema, "nataka mama yangu anione mimi na wanangu wakati bado anaona. Akishapofuka nitampelekea nini?"

Baba hakuwa mtu wa kukubali jambo siku ileile. Siku ile alikubali. Tajiri akampa lori siku nne, kwa sharti kwamba arudi na magunia ya dagaa.

Basi mipango ikaanza, na mipango ya Baba, jamani! Alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, akachora ramani kwa mkaa mezani pale pale tulipolia chakula. Kila mchuuzi wa samaki aliyekanyaga uwanja wetu alikalishwa, akapewa togwa, akahojiwa kama mtuhumiwa. Mama mkwe anachota maji wapi? Shamba lake la muhogo liko upande gani? Akienda kanisani anapita njia ipi? Kila alipotajiwa mahali, Baba alipiga msalaba. Baada ya wiki mbili ufukwe wote wa Mbaha ulikuwa umejaa misalaba, tukaona mpango umekufa.

Kikabaki kijisehemu kimoja nyuma ya mawe mawili makubwa, kando ya matete. Kilikuwa na mchanga safi na kivuli cha jioni. Baba aliwauliza wachuuzi wanne kuhusu pale, na wote wanne walitazama chini wakasema hawapajui, wao hawapitagi huko.

"Mnaona?" Baba akasema. "Hapiti mtu. Hapo ndipo tutakapolala." Akapazungushia duara, akaenda zake kupakia mablanketi sita, kwa kuwa akilini mwake dunia yote ilikuwa na baridi ya Maguu. Mama alimwambia kwamba ule mchanga unaunguza nyayo. Baba akaongeza blanketi la saba.

Tulishuka siku nzima, Festo akitapika upande wa kulia na mimi upande wa kushoto ili lori lisiinamie upande mmoja. Tulifika jioni. Kwa Bibi palikuwa si mbali, moshi wa jikoni kwake tuliuona, na mimi nilitaka kukimbia pale pale. Baba akakataa. "Ukweni hatuingii kienyeji. Kesho, kwa utaratibu." Mama hakubishana, na Mama kutobishana kulikuwa jambo la kutilia shaka.

Asubuhi tuliamshwa na nyimbo. Baba alichungulia kwenye tundu la turubai, akarudi ndani rangi imembadilika. Wanawake wa Mbaha nzima walikuwa wanateremka na ndoo, sabuni na vitenge, wanakuja kuoga. Pale nyuma ya mawe mawili, kando ya matete, ndipo wanawake walipoogea tangu ziwa liwepo. Baba aliuliza kila kitu isipokuwa hicho, na aliwauliza wanaume peke yao. Mwanaume mwenye adabu zake, umuulize kama anajua wanawake wanaogea wapi, atajibu nini zaidi ya kutazama chini?

Na katikati yao, taratibu, na fimbo yake, alikuwa anakuja Bibi.

Nilicheka, nisiseme uongo. Baba alijitupa chini ya magunia, akavuta na yale mablanketi saba juu yake. Wenzake walisimama kulishangaa lori, lakini Bibi alifika, akapapasa kioo chake cha pembeni, na kwa macho yake yale akaona ni tawi. Akatundika kitenge chake.

Mama akaruka chini. "Mama!"

Bibi akasimama. Alimshika Mama mashavuni, akamgeuza kwenye mwanga wa maji, akamsogeza mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama muda mrefu sana.

"Nimekuona," Bibi akasema. "Umekonda. Huko milimani wanakulisha nini?"

"Maharage," nikajibu mimi. Mama alikuwa analia.

Bibi akanivuta. Vidole vyake vilinuka moshi na samaki. Alinikagua masikio, meno, nyusi, kama anayenihifadhi mahali. "Huyu ana paji la uso la baba yake," akasema. "Haya. Tutafanyaje." Halafu akanibana kifuani mpaka nikakosa pumzi, na mpaka leo sijawahi kubanwa vile na mtu mwingine.

Humo ndani ya lori magunia yakakohoa.

"Nani huyo?" Bibi akauliza.

"Mkweo, Mama," Mama akasema.

Tulitega masikio. Kwa kosa kama lile mkwe angeweza kutozwa mbuzi.

"Basi asitoke," Bibi akasema. "Na akikohoa tena, akohoe ametazama Malawi."

Baba alikaa chini ya yale mablanketi mpaka jua likawa kali, akatoka amelowa jasho kuliko wale waliooga. Palepale akahamisha lori mbali, karibu afike kijiji cha pili. Siku zilizobaki Mama alilala kwenye mkeka wa mama yake, na sisi tulikimbizwa huku na huku kupeleka ujumbe. "Mwambie baba yako samaki huyu ni wake, asile mifupa." "Mwambie bibi yako nashukuru sana." Mbasa mzima, mjue, yule samaki mtamu wa Nyasa, amechomwa kwa ndimu!

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Baba hakuvumilia tena. "Mama Festo, ulipajua pale?"

"Nimeogea pale tangu utoto."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Msimu wa kahawa uliofuata Bibi akawa haoni kabisa. Aliishi miaka mingine mingi, na kila mchuuzi aliyepanda Maguu alituletea salamu zake: anauliza, lile paji la uso linaendeleaje? Sura zetu alikuwa nazo. Zilimtosha.

Mwezi uliopita Neema, binti wa Festo, alikuja Maguu kutuonesha mipango yake. Wanashuka ziwani yeye na wenzake kwa gari la kukodi lenye vitanda, jiko, friji na choo. Choo, jamani, hatua mbili kutoka kwenye sufuria! Kuna kundi la simu la kupanga safari, na wiki tatu sasa wanabishana nyimbo zipi zipigwe njiani. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na ndiye anayesogeza sura za watu karibu, alisikiliza yote kwa heshima.

"Na huko mnamwendea nani?" akauliza.

"Hatumwendei mtu, Bibi," Neema akasema, uso unang'aa. "Ufukwe wote mtupu. Ndiyo uzuri wake!"

Mama akampapasa mkono, akaushika.

"Pole, mjukuu wangu," akasema. Na hakuwa anatania.