Muuza kamera aliyemzika Kukhu akiwa amesimama

Leo nimekaribia kumrukia muuza kamera hapa Kakamega mjini, na sijutii.

Nilienda dukani na Kukhu, nyanya yetu. Ametoka Matungu asubuhi, amefunga kile kitambaa chake cha kanisa. Tulitaka kamera ndogo ya bei nafuu, ya picha za familia. Simu zetu zinapoteanga na picha zote. Guka, babu yetu, alipofariki ilibidi tukuze picha ya kitambulisho, akatoka kama mtu anayetafutwa na polisi.

Nikapata moja nzuri, imetumika kidogo. Nikauliza kama inatoa sura vizuri ndani ya nyumba.

Jamaa akamwangalia Kukhu juu mpaka chini.

"Chukua hii, dada. Hata ukikuza picha ya huyu mama iwekwe mbele ya jeneza, haitakuwa na ukungu."

Mbele yake. Kukhu amesimama pale anasikia, hata kikohozi hana.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa, pasta wangu anasomanga hizi post.

Jamaa akashangaa kabisa. "Kwani watu hawanunuangi kwa sababu hiyo?"

Kilichoniuma ni kwamba hata mimi nilikuwa nimewaza hivyo. Nyinyi mngemjibu nini?

Kukhu hakungoja jibu langu. Aliinyakua kamera mkononi mwangu, akamlenga jamaa usoni.

"Simama vizuri, mwanangu. Hatujui nani atatangulia."

Muuza kamera akainama nyuma ya kaunta, na hakuinuka mpaka tukatoka.