Mama Salama Aomba Visa ya Morisi

Pangani ya Kibaha nzima, ukimtafuta Zuwena Kibwana utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Uliza Mama Salama, yule anayechora picha za vitabu vya watoto kwenye kompyuta, uone kama hujafikishwa mpaka mlangoni.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Zuwena hakuajiriwa na mtu. Alichukua kazi kwa wachapishaji wa nje na kuzifanyia sebuleni kwake. Aliposikia kwamba Morisi inatoa visa ya muda mrefu kwa watu wa namna yake, wanaofanya kazi popote penye intaneti, hakulala kwa furaha. Mtu mzima na mtoto wake, hajawahi hata kuvuka mpaka! Akatuma maombi, yeye na bintiye. Jibu likaja kwa adabu zote: mikataba ni ya Mama Salama, paspoti ni ya Zuwena Kibwana. Huyo Mama Salama ni nani?

Makubwa! Miaka yote alisaini hivyo bila kufikiri, maana ndivyo anavyoitwa.

Wakili mmoja wa Kisarawe akamwambia amlete mtu anayemjua tangu kuzaliwa, aape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, mama yake, Bi Mwamvita wa Marui, naye safari hiyo hakutaka hata kuisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja na habari za hicho kisiwa chako, chai ipo, majibu sina."

Lakini kulipokucha Bi Mwamvita alijifunga kanga mpya, akatangulia barabarani. Zuwena hakuthubutu kumuuliza kitu, asije akaghairi.

Ofisini, wakili alimwonyesha Bi Mwamvita bintiye, akamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Mama yangu mimi."

Wakili akavua miwani. Ikabidi Zuwena amweleze: yeye amerithi jina la bibi yake mzaa mama, na kwa heshima ya marehemu, Bi Mwamvita hajawahi kumwita kwa jina hilo hata siku moja. Tangu utotoni humwita Mama.

"Naelewa," alisema wakili, "lakini kiapo ni kiapo. Jina lazima alitaje mwenyewe."

Bi Mwamvita akainama, akawa anaisokota ncha ya kanga. Zuwena akaona safari ndiyo imekwisha, na kumlazimisha mama yake hakutaka.

"Basi, mama. Twende zetu nyumbani."

"Hebu keti! Mama yangu alitamani aone japo Unguja, akafa hajaiona." Akamgeukia wakili. "Huyu ni Zuwena. Zuwena binti Kibwana, na ndiye huyo huyo Mama Salama. Wallahi naapa."

Akalia. Zuwena naye akalia, na wakili akajifanya anatafuta muhuri uliokuwa mbele yake.

Visa ilipotoka, Zuwena alipiga simu Marui. Hata hajamaliza kueleza, akasikia vigelegele, kisha mama yake akitoka uani na kuwatangazia majirani, "Zuwena wangu anapanda ndege! Jamani, Zuwena!" Simu aliisahau mkononi. Akawa analiita tu jina hilo, nyumba hadi nyumba, na kila alipoliita, Zuwena, peke yake sebuleni Pangani, aliitikia, "Abee, mama."